Alijazwa Roho, Akashika Patasi

Somo: Kutoka 31:1–11, Kutoka 35:30–35, 2 Mambo ya Nyakati 26



Wale mliokuwepo Jumapili katika ibada ya pili mnakumbuka nilianza na habari ya birika letu la ubatizo, na mnakumbuka vile watu walicheka. Wacha nianze nayo tena hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo. Tena kuna jambo nililoliacha pale madhabahuni, na limenisumbua wiki nzima.

Tulipojenga lile birika, mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi. Kazi yangu ni uhasibu. Kamati ilikuwa na watu saba: walimu wawili, afisa wa benki, mama mwenye duka la nguo, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya serikali, kijana wa kompyuta, na mimi. Watu wa maombi wote. Tulifunga siku tatu kabla ya kuchimba msingi. Lakini hata mmoja wetu hakuwa amewahi kukoroga simiti maishani mwake. Tukatafuta fundi, tukapata wa bei nafuu, tukamshukuru Mungu kwa hiyo bei. Fundi akamwaga zege, akapiga plasta, akaenda zake kwa sababu alikuwa na kazi nyingine mahali. Ilikuwa Januari, na jua la Januari mnalijua.

Kesho yake mama mmoja wa kanisa, anayetusaidia kufagia, alinikuta nimesimama nikiiangalia ile kazi kwa furaha. Akasimama kando kidogo, akasema, "Mzee, hii simiti inataka maji. Imwagiwe asubuhi na jioni, na ifunikwe na magunia."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema alibeba maji kwa mjengo miaka sita.

Nami nikamjibu kwa upole sana, ule upole wa mtu ambaye tayari ameamua hatasikiliza: "Asante mama, lakini hiyo tumwachie fundi."

Wiki mbili baadaye tulilipia lori la maji likajaza birika Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi maji yalikuwa chini ya magoti. Wabatizwa kumi na wanne wamevaa kanzu nyeupe, kwaya imeshaanza kuimba, na pasta anaangalia maji, ananiangalia mimi. Mnajua vile ilivyoenda. Aliwabatiza wakiwa wameketi.

Hapo ndipo mlipocheka, na mimi nilicheka pamoja nanyi. Lakini madhabahuni nilisema tu kwamba "mtu mmoja alikuwa ametuonya." Sikusema ni nani, na sikusema nilimjibu vipi. Sasa nimesema.

Simiti, wapendwa, haikauki vile nguo inakauka. Inashikana kwa kunywa maji. Jua na upepo vikiinyang'anya maji mapema, haifikii nguvu yake, na inafanya nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni mpaka maji yazione. Ndiyo maana hutunzwa na unyevu siku saba au zaidi. Hii si siri ya wahandisi. Kila kibarua anaijua. Mimi niliyetia sahihi hundi ya mifuko yote ya simiti ndiye sikujua.

Ndugu mmoja alinifariji akasema, "Usijilaumu, kutojua si dhambi." Nimelifikiria neno hilo. Ni kweli kutojua si dhambi. Anayejua yote ni Mungu peke yake. Lakini mimi sikuwa tu sijui. Nilikuwa nimepanga maisha yangu nisijue. Tangu shule nilichagua masomo ya kunitoa kwenye udongo, na nilipotoka sikuangalia nyuma. Bomba likipasuka, napiga simu. Gari likigoma, napiga simu. Nyumba yangu ilijengwa kwa simu. Na mtu akikaa miaka ishirini akipiga simu, anaanza kuamini kwamba yule anayepokea simu ni mdogo wake. Siku ile mama aliponiambia neno la kweli kuhusu simiti, sikio langu halikupima neno. Lilipima ufagio.

Basi swali ninalouliza ni hili: je, mtu wa Mungu ana wajibu wa kujifunza, kwa mikono yake mwenyewe, mambo ambayo si kazi yake? Au inatosha kila mtu abaki na fani yake, alipe ada ya fani ya mwenzake, maisha yaendelee?

Twende kwa Neno. Sisi Wapentekoste tunapenda habari ya kujazwa Roho. Tunakesha kwa ajili yake. Lakini ukimuuliza mshirika ni nani wa kwanza katika Biblia ambaye Mungu mwenyewe alimtaja kwa jina akasema amemjaza Roho, wengi watasema Musa, wengine Eliya, wengine watakimbia moja kwa moja mpaka Matendo 2. Ni Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Fundi. (Kabla yake kidogo, Kutoka 28, wako mafundi wa nguo wa kushona mavazi ya Haruni, nao wamejazwa roho ya hekima, ila majina yao hayakuandikwa. Washonaji wetu wa kanisa, semeni amina.)

Na Bezaleli alijazwa ili afanye nini? Hakuambiwa anene wala atabiri. Aliambiwa afanye kazi ya dhahabu, ya fedha, ya shaba, akate mawe ya kutiwa, achonge mbao. Sura ya 35 inaongeza kazi ya taraza na ya kufuma, na inaongeza kwamba Mungu alitia ndani ya moyo wake kufundisha wengine. Sura ya 37 inamwonyesha akitengeneza mafuta ya kupaka na uvumba, kazi ya mtengeneza manukato. Hesabu hizo fani. Leo tungemwambia achague moja.

Mtu ambaye hajawahi kushika vitu hivyo anaweza kudhani ni kazi moja tu yenye majina mengi. Si hivyo. Dhahabu ikiharibika unaiyeyusha, unaanza upya. Jiwe ukilikosea halina toba. Mbao ina mshipa wake, ukienda kinyume nao inapasuka. Uzi unataka mtu mwenye subira ya siku nyingi. Kila kitu kina tabia yake, na kila kimoja kinamfundisha fundi unyenyekevu wa aina yake. Kisha angalia kile kinara cha taa: talanta moja ya dhahabu safi, zaidi ya kilo 30, imefuliwa kwa nyundo, na vikombe vyake ni mfano wa maua ya mlozi. Huwezi kufua ua la mlozi kama hujawahi kusimama chini ya mlozi ukaliangalia ua lake. Fundi wa dhahabu alilazimika kuwa mwanafunzi wa mti.

Sasa lete habari hiyo nyumbani kwetu. Mtoto akiangusha mtihani tunamwambiaje? "Usiposoma utakuwa fundi." Tunalisema hilo huku tumeketi kwenye viti vilivyotengenezwa na fundi, ndani ya kanisa lililojengwa na fundi, tukimwabudu Yule ambaye watu wa kijiji chake walimdharau wakisema si huyu ni yule seremala tu. Mdomo unakiri Mseremala, na moyo unamwogopesha mtoto na useremala.

Wale wa rika langu mnakumbuka 8-4-4 ilipoanza mwaka wa 1985. Ilikuja na kilimo, sayansi kimu, useremala, sanaa na ufundi, muziki. Tulisuka kamba za mkonge, tukachonga miko, tukashona vitambaa vilivyopinda. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki yao, maana mzigo ulikuwa mkubwa na karakana shuleni hazikuwepo. Baadaye masomo yakapunguzwa, na mengi ya yale ya mikono yakaacha kutahiniwa. Somo lisilotahiniwa Kenya, mnajua linaenda wapi.

Sasa tuna Mtaala wa Umilisi, na watoto wake wa kwanza wameingia Gredi ya 10 Januari 2026. Sitaingia siasa ya mtaala. Kila mtu hapa ana maoni na gharama alizolipa. Nataka kusema jambo moja tu la nyumbani. Mtoto anaambiwa atengeneze kitu, tuseme ufagio wa makuti au kifaa cha kupima mvua. Saa nne usiku mtoto amelala, na mama ndiye anayekata chupa ya plastiki kwa kisu. Au baba amenunua kilichotengenezwa tayari. Asubuhi mtoto anakibeba mpaka shule, anaulizwa nani ametengeneza, anasema "mimi." Katika nyumba hiyo aliyejifunza kupima mvua ni mama. Mtoto amejifunza kusema uongo, tena kwa msaada wa wazazi waliookoka. Afadhali apeleke ufagio uliopinda.

Wacha niwape mfano wa mtu mmoja aliyetembea njia hii mpaka mwisho. Wengine mmesikia jina lake: George Washington Carver. Alizaliwa mtumwa huko Missouri, Marekani, karibu mwaka wa 1864. Mwaka wenyewe haujulikani kwa hakika, maana nani aliandika siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mtumwa? Akiwa mchanga, mama yake alitekwa na wezi wa watumwa, hakuonekana tena. Alikuwa mtoto dhaifu, hakuweza kazi nzito za shamba, kwa hiyo mama wa nyumba ile akamfundisha kupika, kufua na kushona. Hizo ni kazi ambazo akina baba wengi hapa hawangetaka kijana wao aonekane akizifanya. Ndizo zilizomsomesha. Alipokuwa akitafuta elimu kutoka mji hadi mji, alijilipia kwa kufulia watu nguo.

Mwaka wa 1890 aliingia chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, akasoma uchoraji na piano. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, akaona vile alivyoielewa mimea, akamsukuma aende kusoma kilimo. Akaenda, lakini hakuitupa brashi. Mchoro wake mmoja wa mimea ulipewa heshima kwenye maonyesho makubwa ya dunia huko Chicago mwaka wa 1893. Akapata shahada ya kwanza 1894, ya pili 1896, na mwaka huo huo Booker T. Washington akamwita Tuskegee, Alabama, aje kufundisha watu waliotoka utumwani juzi tu. Alipofika hakukuta maabara. Akatoka na wanafunzi wake wakaokota chupa na vyombo vilivyotupwa, wakatengeneza maabara yao.

Hapa ndipo nataka msikie vizuri. Udongo wa Alabama ulikuwa umechoka kwa kupandwa pamba kila mwaka. Carver alijua kwamba njugu karanga na kunde zinarudishia udongo nguvu, kwa sababu kwenye mizizi yake kuna vinundu vyenye vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Nyanya zetu waliopanda maharagwe katikati ya mahindi walilijua jambo hilo bila jina lake. Lakini mkulima maskini hali naitrojeni. Atakuuliza swali moja tu: nikiacha pamba nipande njugu, nitazifanyia nini? Mtaalamu wa mimea peke yake hana jibu hapo. Carver alikuwa nalo, kwa sababu alikuwa amesimama jikoni. Mwaka wa 1916 alitoa kijitabu kinachoeleza jinsi ya kupanda njugu, na ndani yake njia 105 za kuzitayarisha kwa chakula. Shamba na sufuria katika kijitabu kimoja. Kwa wale wasioweza kufika chuoni alibuni gari la kukokotwa na nyumbu, likaanza kazi mwaka wa 1906, limebeba vifaa na mbegu mpaka kwa mkulima shambani kwake. Na udongo ule ule wa Alabama, mwekundu na wa manjano, alitengeneza rangi za kupaka nyumba. Hiyo ni ile brashi ya Simpson, haikupotea.

(Wahubiri wengine husema ndiye aliyebuni siagi ya njugu. Si kweli, na tuache kusema hivyo madhabahuni. Yale aliyofanya kweli yanatosha.)

Alikufa Januari 1943. Kwa miaka mingi, Jumapili jioni, aliwafundisha wanafunzi Biblia. Hakuona kwamba amehama kutoka kazi moja kwenda nyingine.

Baada ya ibada kijana mmoja wa chuo kikuu alinishika mkono nje, akaniambia, "Mzee, nimeskia, lakini si Paulo alisema anatenda neno moja tu? Na si wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka?" Nilipenda swali lake kuliko amina nilizopata ndani.

Nilimwambia arudi Wafilipi 3 asome kuanzia juu. Neno moja la Paulo ni kumkimbilia Kristo. Hakusema ana ujuzi mmoja. Paulo huyo huyo alikaa miguuni pa Gamalieli akasoma torati, na huko Korintho alikaa na Akila na Prisila wakishona hema, kwa sababu fani yao ilikuwa moja. Msomi wa Gamalieli alijua ushonaji! Pale Athene alizungumza na wenye falsafa akiwatajia washairi wao wenyewe. Na soma Matendo 27. Paulo ni mfungwa melini, anawaambia safari hii italeta hasara. Alikuwa mtu ambaye tayari meli zilimvunjikia mara tatu. Anajua bahari kwa ngozi yake. Akida akafanya nini? Akamsikiliza nahodha na mwenye meli. Nikisoma sura hiyo siku hizi sijioni upande wa Paulo. Najiona mimi ndiye yule akida, na mama wa ufagio yuko pale sitahani akisema, mzee, hii inataka maji.

Kuhusu mithali, mimi naiheshimu. Lakini inaonya kushika mawili kwa wakati mmoja. Bezaleli hakufua dhahabu na kufuma nguo dakika ile ile. Hata hivyo kijana ana neno, na sitaki kumpita haraka. Yuko mtu anayeanza kila kitu na kuacha kila kitu: leo kompyuta, kesho kuku, mwezi ujao anauza viwanja. Ukimuuliza anasema anapanua maarifa. Huyo kila kazi inapofika mahali pagumu ndipo anapohama, na ugumu ule ndio uliokuwa somo lenyewe. Kujua kidogo kuhusu vitu vingi ambavyo hujawahi kuvimaliza kunampa mtu maneno mengi tu, na maneno tayari tunayo ya kutosha.

Tena kuna hatari kubwa kuliko hiyo, na ndiyo maana nimeweka Uzia kwenye somo. Mfalme Uzia alianza akiwa na miaka kumi na sita, akatawala miaka 52. Soma 2 Mambo ya Nyakati 26 uone mtu aliyejua kuinua mikono ya kazi: alijenga minara, akachimba visima vingi, akawa na wakulima na watunza mizabibu, na Biblia inatoa sababu kwamba alipenda udongo. Ni wafalme wangapi wanaosemwa hivyo? Kule Yerusalemu akawa na mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa, iliyobuniwa na watu werevu. Mungu alimsaidia kwa ajabu. Lakini alipokuwa na nguvu, moyo wake ukainuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo hakupewa. Makuhani themanini wakamfuata kumzuia. Akakasirika nao, akiwa na chetezo mkononi, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso. Akaishi nyumba ya peke yake mpaka kufa.

Uzia hakuhukumiwa kwa kupenda udongo wala kwa kuchimba visima. Shida ni kwamba milango mingi ilikuwa imemfungukia hadi akaacha kuona kwamba uko mmoja ambao si wake. Mtu aliyejifunza mengi anaweza kufika mahali asiulize tena. Bezaleli alikuwa na fani nyingi kuliko Uzia, lakini Mungu alimpa Oholiabu wa kabila la Dani asimame pamoja naye, na mafundi wengine wengi, na hatusomi mahali popote kwamba Bezaleli alitaka kuvaa mavazi ya Haruni.

Kwa hiyo nikiulizwa kwa nini jicho lijifunze kazi ya mkono, sisemi ni ili jicho lisimhitaji mkono. Katika 1 Wakorintho 12 jicho haliwezi kuuambia mkono, sina haja nawe. Mimi sikusema kwa mdomo. Niliajiri fundi, nikamlipa. Mkono niliuhitaji kweli kweli. Lakini kumhitaji mtu na kumsikiliza ni vitu viwili. Nafikiri jicho ambalo limewahi kujaribu kubeba karai siku moja tu, linaanza kusikia mkono ukizungumza.

Nisimulie hiyo siku moja.

Baada ya aibu ya ubatizo nilimwendea yule mama kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakuyangoja. Akasema, "Kuja Jumamosi na nguo za kazi."

Nikaja. Tulikuwa na fundi mwingine, vibarua wawili, vijana wachache wa kanisa, na yeye. Tuliibandua plasta yote ya zamani. Akanifundisha kushika mchanga kwenye viganja na kuusugua. Ukiacha matope mkononi, huo ni mchafu, haufai. Akanifundisha kwamba vijana hupenda kuongeza maji wakati wa kukoroga kwa sababu inakuwa laini kugeuza, na hapo ndipo wanapoiua, maana simiti ya maji mengi haina nguvu. Nikashangaa. Siku ile aliniambia inataka maji, leo ananiambia nisiiongeze maji. Akanicheka. Kabla haijashika, maji yana kipimo. Ikishashika, isikose maji. Miaka yote ya vyuo na sikuwahi kufundishwa kitu kimoja kwa namna hiyo, kwamba kile kile kinachoharibu saa mbili asubuhi ndicho kinachookoa saa mbili jioni.

Saa sita mchana viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Saa kumi jioni mgongo haukuwa wangu tena. Vibarua wakanawa, wakavaa, wakasimama pale kando ya lango wakiniangalia. Nikajua wanangoja nini. Kwa miaka yangu yote ya uweka hazina nimekuwa na jibu moja kwa watu kama hao: "Kujeni Jumanne, wenye sahihi wakikutana." Ni utaratibu mzuri wa kihasibu; unazuia wizi. Lakini jioni ile, na mgongo ule, nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba Jumanne iko mbali. Mtu aliyefanya kazi ile anahitaji kula usiku huo huo, na watoto wake pia. Kumbukumbu la Torati 24 inasema ujira wa kibarua usilaliwe na jua, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeuelekea. Aya hiyo nilikuwa nimeihubiri mara mbili.

Nikawalipa kutoka mfukoni, na Jumatano nikaiambia kamati kwamba kuanzia sasa tutatenga pesa taslimu mapema, na kila kibarua wa kanisa atalipwa kabla ya giza, kwa daftari na sahihi yake. Hakuna aliyepinga. Wahasibu mlio hapa, utaratibu unawezekana. Mimi mwenyewe niliuandika kwa nusu saa. Nilichokosa miaka yote hiyo hakikuwa utaratibu.

Neno moja la kuniweka sawa. Nikizungumza hivi ni rahisi kuipamba shida. Yule mama hakwenda kubeba maji kwa mjengo ili apanue maarifa. Alikwenda kwa sababu ya karo na unga. Amefanya kufua, kuuza mboga, kulima mashamba ya watu, kubeba maji, kufagia. Ana fani nyingi kuliko kamati yote ile, na hakuna hata moja aliyoichagua. Mimi kushika sepetu Jumamosi moja na kurudi nyumbani kuoga maji ya moto si sawa na hayo. Nisijisifu nayo. Na tusimwambie mtu ambaye hana namna kwamba Mungu anamfundisha mengi. Tumwambie maneno hayo wenyewe, sisi tulio na nafasi ya kuchagua na tumechagua kutogusa.

Birika halivuji sasa. Tulilimwagilia wiki mbili, zamu asubuhi na jioni, magunia juu. Zamu ya alfajiri ya Jumanne ilikuwa yangu.

Yule mama sasa yuko kwenye kamati ya ujenzi. Siku ya kwanza alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akaniuliza mbele ya wote, "Mzee, mimi nimekufundisha simiti. Na wewe utanifundisha lini hiyo hesabu ya kanisa?" Kwa hivyo Jumatano baada ya maombi ya mchana tunakaa ofisini na vitabu. Ameshajua kusoma mapato, ameshajua matumizi, anafuata kwa kidole mstari kwa mstari. Wiki iliyopita kidole kilisimama. Akataka kujua kwa nini pesa ya lile lori la maji ya kwanza, yale yaliyopotea usiku, niliiandika "matumizi mengineyo." Bado sijampa jibu.